Mtani Halii

Tabora

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe jana kukukatia simu bila kuaga. Mgongo unasemaje? Mihogo umeshapanda, au bado unamsubiri mwanao Shabani aje kutoka Mkuza na ahadi zake? Mimi mzima, wanafunzi wananizeesha tu. Mdogo wangu Tatu akusomee hii polepole, maana ina jambo lililonishinda kulisema kwenye simu.

Jirani yangu Baba Mihayo amefariki. Yule Mnyamwezi niliyekuwa nikikusimulia, kila akiniona anasema sisi Wazaramo tunaamka kwa ajili ya ngoma tu, nami namjibu kwamba wao walibeba mizigo mpaka wakasahau njia ya kwao. Nilimpenda mno mzee yule. Basi nikajitanda kanga, nikaenda msibani, nikakaa mkekani na akina mama, nikalia.

Weee! Dada wa marehemu akanisimamia kichwani. "We Mzaramo, unalia kama nani? Wewe si mtani wetu? Wafiwa tupo, tunatosha. Kazi yako nani ataifanya?"

Mama, niliona haya! Kazi hiyo nimeiona ikifanywa na wengine tangu utotoni, mimi sijawahi. Tena mwalimu mzima, na wazazi wa wanafunzi wangu wamejaa pale. Nikamtazama mjane, Mama Mihayo. Tangu jana yake hajatia kitu kinywani wala hajatoa chozi, ameganda tu. Nikasema potelea mbali.

Nikaingia ndani, nikavaa koti la marehemu na kofia yake. Nikatoka naburuta mguu kama yeye, redio sikioni, nafukuza kuku wa watu. Nikasimama mbele ya mjane, nikakohoa kile kikohozi chake. "Mama Mihayo! Watu wote hawa wanakunywa chai yangu, mimi yangu iko wapi?"

Akanikazia macho tu. Nikajua nimeharibu. Mara Mama Mihayo akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, akaling'ang'ania lile koti. "Si nilikuwekea mezani, mume wangu? Si nilikuwekea!" Akalia mpaka akachoka. Jioni akanywa uji.

Niliporudi kwangu nikamkumbuka Baba yetu. Nilifika huko nyumbani Msimbu mmeshamzika, mkaniambia wewe ndiye mkubwa, jikaze, wadogo zako wanakutazama. Nikajikaza. Nikapakua wali, nikapokea wageni, nikarudi huku na macho makavu, na mpaka leo Baba sijamlilia. Shabani anasema nina roho ngumu. Sina, Mama. Naumia.

Nasikia mtani wetu Maganga, yule Mnyamwezi wa Janga, alimwigiza Baba siku ya maziko mpaka watu wakakaa chini kwa kucheka. Mimi sikumwona. Shule ikifungwa nakuja. Tafadhali mwite Maganga, mpe baraghashia ya Baba na ile fimbo yake, asimame mlangoni aniite kama Baba alivyokuwa akiniita: "Mwalimu wangu, umefika? Umekula?"

Nisalimie shangazi Mwajuma, mwambie kitenge chake ninacho. Tatu namshukuru kwa kusoma, na asiruke neno hata moja. Na Shabani mwambieni ajiandae, siku hiyo wali atapakua yeye.

Ni mimi mwanao mkubwa, ila siku hiyo niacheni niwe mtoto,

Zena