Kuni za Ngendo

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi ya Nyeri itaniua kabla serikali haijanihamisha.

Leo nimekwenda kwa kina Ngendo, nyuma ya uwanja wa Ruring'u. Msichana wa kidato cha tatu, hajaolewa, kajifungua wiki iliyopita. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti hiyo! Mama yake Ngendo, Watiri, hamsemeshi bintiye. Anamwekea chakula mlangoni kama mfungwa.

Ofisi ya ustawi ilinituma nikatoe mashauri. Mashauri gani? Ngendo anauliza kama shule itamrudisha. Watiri ananijibu mimi, si yeye: wanawake wa kikundi cha kijiji hawajaja na kuni, wala hawatakuja. Hapa mzazi huletewa kuni na uji na wanawake wenzake, wanaita itega. Asiyeolewa haletewi. "Mtoto hajaletewa kuni, huyo hana watu," kasema. Mwezi ukiisha anampeleka Ngendo kwa shangazi yake huko Kangema akachume majani chai. Akae huko huko.

Na masomo? Kainua mabega tu. Nimerudi na hasira, hata chai imenishinda.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia Bwana Mutahi, mkubwa wangu, kwamba kumshauri msichana peke yake ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Tuzungumze na kikundi! Kacheka. Ati sisi ni ustawi wa jamii, si siasa. Niandike ripoti, mengine nimwachie Mungu.

Mungu ana kazi nyingi. Mimi nimepata wazo. Kuni si kuni tu?

Alhamisi, 11 Julai

Mjinga mimi. Mjinga wa mwisho!

Nilinunua kuni sokoni, nikazipakia kwenye Landrova ya ofisi, nikazishusha mlangoni kwa Watiri mchana kweupe. Nilijiona shujaa. Majirani wakatoka kutazama. Watiri akajifunika uso kwa kitambaa chake. "Madam, sasa umeambia watu wote ati hatuna mtu. Ata wa kutuletea kuni ni mgeni, ametoka Kakamega!" Ngendo akaingia ndani. Nilimsikia akilia.

Nilidhani naifunika aibu yao. Kumbe nimeipigia ngoma.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya kanisa nimekwenda kwa Wakonyo, mwenyekiti wa kikundi. Nimemkuta akimlisha ng'ombe. Nimeomba radhi. Hakuniangalia.

"Kuni ya itega inabebwa na mgongo," kasema. "Mama akitembea na mzigo barabarani, kila mtu anaona, huyu mzazi ako na watu. Gari haina mgongo."

"Basi nani atazibeba za Ngendo, mama?"

"Sheria ya kikundi inakataa. Nikienda peke yangu watanitoa kwa kiti."

Hapo ulimi ukaniwasha. Nilikuwa na hotuba nzima! Nikaimeza, na mimi si mtu wa kumeza. Nikamuuliza tu angependa nani atembee kando yake. Aliendelea kumlisha ng'ombe mpaka nyasi zikaisha. Kisha akataja wanawake wawili, polepole, kama anayejishauri mwenyewe.

Jumanne, 16 Julai

Mkutano wa kikundi. Kelele! Mama mmoja mnene kadai tukipeleka kuni kwa huyu, kesho wasichana wote watazaa ndio waletewe. Mwingine kamrudishia: na wako aliye Nairobi, tuulize anafanya nini? Nusura washikane.

Wakonyo akasimama. "Mimi nitabeba yangu Jumamosi. Baridi haiulizi mtoto kama ako na baba. Mwenye anataka kiti yangu, hiyo hapo, akalie." Hakuomba kura. Wale wawili wakasema nao watabeba. Wengine wote wakatazama chini.

Mimi nilikaa pembeni kama gunia. Miaka yote hii nimedhani kumtetea mtu ni kumsemea. Leo sikusema neno na kazi imesogea. Inaniuma kidogo, tena nafurahi. Sijui nifanye nini na moyo wa namna hii.

Ila watatu tu? Watatu ni wachache mno. Watiri ataona wametumwa.

Jumamosi, 20 Julai

Ukungu. Niko dukani kwa Theuri, ng'ambo ya kwa Watiri, naandikia juu ya kaunta. Wakonyo kaniamuru nibaki huku. Nikionekana mbele, itakuwa kuni ya serikali tena.

Wamekuja! Si watatu. Ni msururu mzima! Hata yule mnene yumo, kanuna, na mzigo wake ndio mkubwa kuliko yote. Migongo imepinda, kamba kwenye paji la uso.

Wamesimama langoni. Hakuna anayeshusha mpaka mwenye nyumba ampokee, na mwenye nyumba ni Watiri. Wakonyo ameita. Mlango haufunguki. Ameita tena. Manyunyu yameanza. Ngendo yuko dirishani na mtoto. Miguu yangu inataka kuvuka barabara — kaa, Gaudencia!

Watiri ametoka. Hana kitu mkononi. Amefika mbele ya Wakonyo, wanatazamana. Hawasalimiani. Sasa amezunguka nyuma yake. Ameingiza mikono yote miwili chini ya mzigo. Kutoka hapa sioni kama anaupokea au anaurudisha. Midomo yake inasema kitu. Wakonyo anapiga goti, taratibu, na wale wa nyuma nao wameanza kuinama washushe mizigo —