Wingu la Jumapili, Nyangamara

Lindi Mjini
16 Novemba 2023

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limepunguza kuuma. Mimi ni mzima. Wiki hii pale studio nimepiga picha za paspoti za wanafunzi hadi macho yanawasha.

Baba, simu yangu hupokei, ndiyo maana nimempa Sipriani muuza samaki barua hii akuletee. Naomba radhi kwa Jumapili. Mliniachia korosho uwanjani mkaenda kumwona mgonjwa, ukaniambia, "Wingu likijitokeza, anua." Likajitokeza kweli, upande wa Rondo, chini jeusi, juu linang'aa kama sufuria mpya. Badala ya kuanua nikachukua kamera nikapanda kilima cha kanisa la kigango. Nilijiambia nipige tatu tu nirudi, mvua ikanikuta huko huko. Niliporudi korosho zilikuwa zimelowa zote. Kukaa kimya kwako kulinitia aibu kuliko fimbo, nikaondoka na gari la alfajiri bila kuaga.

Nakutumia picha yenyewe. Si kwa kujisifu. Nataka uone nilichokuwa nakitazama. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii.

Mwanao,
Yustina

Nyangamara
30 Novemba 2023

Binti yangu Yustina,

Milele na milele. Marahaba. Sisi wazima, goti nalo linauma pale pale, halijahama. Simu sikupokea kwa sababu kwenye simu ningefoka, na mama yako hapendi kelele akiwa anabangua korosho.

Korosho tumezianika upya. Nyingine zimepona, nyingine zimeota ukungu. Hilo limepita, mvua hainyeshi kwetu peke yetu.

Ila picha yako nimeitazama, tena kwa miwani. Chini kabisa, pembeni, kuna uwanja wetu, na uwanjani kuna mtu anakimbia na turubai, kanga imemwanguka begani. Ni mama yako. Tulikuwa tumeliona wingu njiani tukageuza, akanitangulia kwa ajili ya hili goti. Yustina, ulimwona mama yako anahangaika peke yake, na wewe ukabonyeza. Hilo ndilo lililoniuma, korosho ni kisingizio. Picha sijamwonyesha.

Krismasi njoo, nyumba ni yako. Kamera iache huko huko.

Baba yako,
Nikodemu

Lindi Mjini
9 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Nawaombea afya njema nyote wawili. Barua yako nimeisoma mara nne.

Siwezi kukudanganya: sikumwona. Nilikuwa nalitazama wingu, wingu tu. Mama nimemwona kwanza katika barua yako, ndipo nikaikuza picha kwenye kompyuta, nikamkuta kweli, na nikalia mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya kipaimara. Pengine kutomwona ni kubaya zaidi. Tafadhali mfikishie Mama radhi zangu.

Lakini kamera siwezi kuiacha, Baba. Nikija bila hiyo nitakaa hapo kama mgeni, na wewe mwenyewe utaniona ninavyochungulia dirishani. Sitaki tugombane siku ya kuzaliwa Bwana. Basi Krismasi sitakuja. Nakupenda, na kuandika haya kumeniuma sana.

Mwanao,
Yustina

Nyangamara
8 Septemba 2024

Mwanangu Yustina,

Salamu nyingi. U mzima? Studio inakwendaje? Sisi hatujambo. Krismasi hukuja, Pasaka hukuja, na mimi sikuandika. Ukaidi huo hukuuokota njiani, umeutoa kwangu.

Picha ile niliificha nyuma ya kabati, na radhi zako sikuzifikisha. Mwezi uliopita mama yako akiwa anafagia, ikamwangukia miguuni. Nikamweleza yote. Nilijua atalia. Akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Anasema picha zake zote amesimama wima mbele ya pazia, mikono ubavuni, kama anayesubiri sindano. Hii ndiyo ya kwanza inayomwonyesha na mbio zake. Nikamwambia, "Mwanao alikuacha unyeshewe." Akanijibu, "Niliyekimbia ni mimi, mbona uliyechoka ni wewe?"

Sasa imetundikwa sebuleni. Jirani yetu Saad amekuja mara tatu kuitazama. Anatikisa kichwa, anakunywa chai yetu, anaondoka.

Basi na mimi nikaanza kuitazama. Mwanangu, nina miaka sitini na tatu na sijawahi kulitazama wingu likaisha. Likijitokeza tu, sisi tunatazama chini: korosho, mtama, nguo, vifaranga. Juu hatazami mtu. Kwenye picha yako nimeona kumbe lina vyumba ndani, na chumba kimoja kina mwanga wa njano. Sikujua. Nilisikitika kidogo kwa miaka yote hiyo, kisha nikafurahi kwamba nimeona.

Msimu unaanza. Njoo, wewe na hiyo kamera yako.

Baba yako,
Nikodemu

Lindi Mjini
20 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake. Hamjambo? Mimi leo sina jambo hata la kusingizia. Nilipomaliza kusoma barua yako nilifunga studio nusu saa, wateja wakagonga wakachoka.

Nitafika Jumamosi, tarehe 5 Oktoba. Naahidi mbele ya Mungu: wingu likijitokeza, nitaanua kwanza, mpaka korosho ya mwisho iwe ndani. Kikibaki kitu angani ndipo nipige. Likiwa limeshapita, basi limepita.

Mwanao anayewakumbuka,
Yustina

Nyangamara
29 Septemba 2024

Yustina wetu,

Marahaba, na mama yako anaitikia ya kwake. Tu wazima, tunakusubiri. Ahadi yako nimemsomea mama yako, akaguna. Anasema mtu anayeanua huku shingo imegeuka atamwaga nusu.

Nami naona hivyo hivyo. Wingu halingoji watu wamalize kuanua, hilo hata mimi nimeshajifunza. Kwa hiyo nimesogeza vichanja vya kuanikia karibu na baraza, na turubai nimelifunga kwenye nguzo upande mmoja. Imebaki kazi ya kulivuta tu, na kwa kazi hiyo sisi wawili tunatosha, hata na goti hili.

Likijitokeza, wewe panda kilimani. Piga unavyotaka. Ila ukishamaliza, ishushe kamera, ututafute uwanjani, kisha utupungie mkono tujue umetuona.

Baba yako,
Nikodemu