Mtungi wa Kamene

S.L.P. 1187,
Thika.
Jumatano, 11 Juni 2025.

Mpendwa dada Janice,

Kwa heshima kubwa, na baada ya kushauriana na wazee wote wa nyumba hii (yaani mimi), nakutangazia rasmi kwamba mbwa wa mtaa mzima wa Ngoingwa wamehamia kwenye geti letu. Hakuna aliyefariki. Ni masomo ya mwanao.

Lakini kwanza, hujambo? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kuinua wazee huko Halifax? Baridi imepungua au bado mnalala na soksi? Sisi tu wazima. Mke wangu Beth anasukumana na presha yake, na kwa sasa presha ndiyo inayoshindwa. Mvua ilikuja ikatuonjesha, halafu ikaondoka bila kuaga.

Sasa mbwa. Utafiti wa Kamene, wa hiyo shahada yake ya pili ya uhandisi wa kemikali pale Juja, umegeuka kuwa wa mifupa. Anaikusanya kwenye mabucha ya nyama choma huko Ruiru, anaichemsha nyuma ya nyumba yangu, kisha anaipeleka maabara ikachomwe iwe makaa. Makaa hayo hunasa floridi, ile iliyo kwenye maji ya visima na kuwapa watoto wa huku meno ya rangi ya chai. Maji yenyewe huyateka kwenye kisima kimoja cha Kalimoni, akayaweka jikoni kwetu kwa mtungi wa njano.

Mimi nilidhani msomi huvaa koti jeupe akatazama chupa. Kumbe kazi kubwa ni kungoja. Kungoja tanuru litengenezwe, kungoja stima irudi, kungoja zamu ya mashine. Mtoto amekonda kwa kungoja, na ugonjwa umenishika na mimi: siku hizi hata chai nainywa nimesimama.

Mwezi uliopita makaa yakafanya muujiza. Maji yaliyopitishwa humo yalipopimwa, floridi karibu haikuonekana. Kamene aliimba mpaka kuku wakanyamaza. Akaandika sura nzima ya tasnifu, akaituma kwa msimamizi wake, Daktari Muigai, akaniambia nianze kutafuta suti ya mahafali.

Jumapili, tukila, akawa anatueleza muujiza tena. Beth akachomekea, "Na vile nilikujazia mtungi wako, hata asante sikupata."

"Anti, uliujaza na nini?"

"Na maji! Kwani watu hujaza mtungi na nini?"

Dada, wamama wa kanisa walikuja kuomba siku ambayo mifereji ilikuwa mikavu. Beth akawapikia chai kwa maji ya Kamene. Maji ya kanjo yaliporudi kwenye mifereji, akaujaza mtungi mpaka shingoni, maana unajua tulivyolelewa: chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu. Kwa hiyo makaa yalifanya muujiza wa kusafisha maji safi.

"Lakini ile chai waliisifu," Beth akajitetea. Nilicheka peke yangu, nikaadhibiwa kwa macho.

Kamene akasukuma sahani. Akisema ukweli, sura inafutwa, anarudia kila kitu, na mahafali ya mwaka huu yanampita. Akinyamaza, shahada inasimama juu ya chai ya wamama. Nikamchokoza, "Ukinyamaza nani atajua?"

"Si nitajua mimi, Anko?"

Alivyokunja uso, ungedhani ni wewe umeketi pale.

Asubuhi hii amevaa rinda la kanisa, akaenda Juja kumwambia daktari. Tangu aondoke nimeenda getini na kurudi, nimewasha redio nikaizima, nimemwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa. Beth anafua nguo safi. Nakuandikia ili angalau mikono yangu ipate kazi. Muombee mtoto.

Nisalimie mume wako Byron, na umwambie Dianah wenu kwamba kucha zake tumeziona kwenye picha, tumeogopa. Shangazi Mukonyo wa mtaa wa Landless anakutaja katika maombi yake, na maombi yake unajua si mafupi. Mungu akushikie mgongo huo, akurudishe nyumbani umenyooka.

Ni mimi kakako asiyetulia, lakini anayekupenda,
Muli.

N.B. Kamene amerudi. Amesema yote, na kumbe Daktari Muigai bado hajaifungua hiyo sura.