Mnyororo wa Bi Zubeda

Likoni, Mombasa

Dada yangu mpenzi Mghoi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Kifua cha mama kinaendeleaje na ukungu wa huko Taita? Mahindi mmevuna, au nyani wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo iliyougua. Barua iliyopita nilikuomba umtume kaka Mwakio aje anirudishe nyumbani, na najua alivyo, mzigo ameshafunga. Mzuie asipande garimoshi mpaka umalize kusoma hii. Na yanayofuata usimsomee mama.

Unajua shemeji yako Mwadime yuko kwenye boti ya maboya, yale madude ya chuma yanayoelea baharini kuzionyesha meli njia. Tangu vita vianze meli zimejaa, naye nyumbani haonekani. Jumapili moja mwenzake Salim alikuja kumtembelea, mimi niko jikoni nakuna nazi. Nikasikia, "Bi Zubeda hajambo?"

"Tabu tupu," mume wangu akajibu. "Maji yakijaa anainamisha kichwa, anahangaika."

"Umembana mno, mwanamme weye! Wallahi, yule hataki kubanwa. Mlegeze."

"Kesho nitakwenda kumtazama tena."

Dada, nazi ilinidondoka. Mimi mume wangu hataki hata nivuke kwenda Frere Town kuimba kwaya na wenzangu, ati mji umejaa askari na mabaharia, ati wanawake hutazamwa kivukoni. Mimi nimefungwa Likoni kama mbuzi kwenye kigingi, halafu Zubeda ndiye wa kulegezwa! Wiki nzima nilimpikia mchuzi bila chumvi. Nilinusa shati lake, linanuka rangi na kutu. Nikajiuliza, huyo mwanamke anajipaka nini? Ndipo nikakuandikia ile barua.

Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Zubeda ni nani?" Akacheka mpaka akakaa chini. Zubeda ni boya! Ati wamempa jina hilo kwa maringo yake. Mimi sikucheka. Basi akatwaa kibuyu kitupu, akakifunga kamba, mwisho wa kamba akafunga jiwe, akavitumbukiza ndani ya pipa letu la maji ya mvua. Kamba ikiwa ndefu mno, kibuyu kinazurura na kugonga ukingo. Ndivyo boya linavyoiacha njia na kuzipoteza meli. Ikiwa fupi, ukilitikisa pipa kinashtukashtuka, kila wimbi linakipiga kwa sababu hakiwezi kupanda nalo. Dawa yake, akasema, ni mnyororo mzito wenye ziada, na ile ziada ilale chini baharini. Wimbi likija, mnyororo unainuka kidogo. Likipita, unarudi kulala, na boya linapanda na kushuka kwa raha zake.

Na alivyokuwa akieleza kwa mapenzi! Anajua Zubeda anataka pima ngapi maji yakijaa na ngapi yakipwa, na mimi hajui hata naimba sauti gani. Wivu ukanipanda upya, tena mbaya kuliko ule wa kwanza. Mwanamke mwenzangu ningemshika nywele, chuma nitakishika wapi?

Nikamsogeza kando. Nikaifupisha ile kamba mpaka kibuyu kikakaa juu juu ya maji, kamba imekazwa. Kisha nikachukua ndoo, nikamimina pipani. Maji yakapanda, kibuyu kikabaki chini yake, kimezama.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza.

"Zubeda."

"Mtazame vizuri."

Akatazama. Kicheko kikamwishia. Akatia mkono majini mpaka begani, akailegeza kamba, kibuyu kikaibuka. Tulipokwisha kula ndipo akauliza, huku akitazama sahani, "Hiyo kwaya yenu inaanza saa ngapi?"

Basi Jumapili nilivuka, nikaimba mpaka koo likakauka. Niliporudi na kivuko nilimkuta amesimama gatini, anamkagua kila mwanamume aliyeshuka karibu yangu. Salim akaninong'oneza kwamba hajaondoka pale tangu asubuhi. Nilifurahi mno, dada, wala sikumwonyesha.

Nisalimie mama, na baba mdogo fundi viatu, na shangazi yule aliyenifundisha nyimbo. Mama mkwe wangu msalimie pia, ila habari za pipa zisimfikie.

Kaka Mwakio mwambie asije. Lakini Zubeda juzi amepakwa rangi mpya, nyekundu, mwili mzima, na mimi kanga yangu bado ni ile uliyonipa wewe. Kwa hiyo mzigo asiufungue.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho