Sauti za Mama Zilizofutwa

5 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa tangu mama atutoke. Naongea na redio. Hujambo wewe na kazi yako ya kufufua simu za kesi za watu?

Nakuletea simu ya mama kwa mkono wa jirani. Ilitumbukia kwenye beseni la nguo, ikazima. Nataka picha zake tu, tuzitundike sebuleni. Mengine usijisumbue nayo, ni takataka tupu.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Simu imepiga chafya na kuamka. Picha nimezipata; moja mama amejipiga pua tupu, nimecheka mpaka nikalia.

Nina swali. Unajua ofisini tunaacha simu zetu kabatini, mlangoni, hadi jioni. Wakati mama anaumwa, kila nikitoka nilikuta amenitumia sauti, nayo imefutwa kabla sijaisikia. Chini yake maandishi: "Nimebonyeza vibaya mwanangu, naendelea vizuri, usipoteze likizo yako." Nikawa namtania kwa vidole vyake.

Sasa sauti zenyewe bado zimo. Kufuta ni kung'oa kibao mlangoni. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Karibu zote anasema, "Mwanangu, njoo nikuone." Na simu inakumbuka kidole kilichoifungua kila mara kabla ya kufuta. Si cha mama. Nyumbani mlikuwa wawili tu. Niambie mwenyewe.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sina salamu ndefu leo. Ni mimi.

Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, na kila kukicha aliuliza utakuja lini. Hakuniuliza hata kama nimelala. Nilijua ukija siku mbili na mfuko wa matunda, wewe ndiye utakuwa mtoto, na mimi mtumishi. Wivu ulinishika. Nilijiambia atapona, ndipo uje. Hakupona. Nisamehe kaka, tumebaki wawili.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Nilikawia kujibu kwa kuwa hasira hasara. Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri.

Umeninyima mama. Nilikuwa na likizo, nauli na miguu, nikaja kumzika mtu aliyekufa akidhani nimemtupa. Angekuwa mgeni aliyenifanyia hivi, ningejua la kufanya. Wewe ulikaa karibu nami msibani ukanipangusa machozi.

Picha zimo ndani ya bahasha hii. Sauti sikupi, wala usiniombe. Ulizifuta zote bila kusikiliza hata moja. Hilo nalo simu imeliandika. Ipo moja, ya wiki yake ya mwisho, ambayo haikuwa yangu peke yangu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwanangu, njoo. Mdogo wako ananitunza kuliko nilivyomtunza yeye. Kila nikitaka kumshukuru machozi yananitangulia, naishia kumuuliza habari zako. Ukija utanisaidia kumwambia."

Ndiyo maana alikuwa akiniita.

Mtoto wa mama