Sungura wa Masikio Manne

Bariadi, Jumamosi, Oktoba 1995

Eti mbovu! Mimi niliyefika Mombasa na Lusaka kusaka sarafu, leo fundi bati ananifundisha ubovu.

Siku hizi senti hamsini hainunui hata pipi, kwa hiyo mafundi wanazitoboa ziwe washa, visahani vya kuziba tundu chini ya vichwa vya misumari ya bati. Fundi aliyekuwa anaezeka nyumba yangu alibakiwa na moja, ameshaiwekea ncha ya kutobolea. Nikaitazama: yule sungura aliyechorwa kwenye sarafu ana masikio manne! Mashine ilimgonga mara mbili huko alikotengenezwa. Miaka yote ninayokusanya sarafu zenye kasoro, sijawahi kumpata kama huyu. Nikamnyakua.

"Mzee, hiyo mbovu, nipe nimalize," fundi akanuna.

Mke wangu akadakia, "Baba Kulwa, mvua ikija tutajifunika sungura?"

Simtoi. Kesho nitaokota kizibo cha soda kiwe washa badala yake. Leo tundu la msumari limebaki wazi juu ya kitanda, na mawingu yameshatanda upande wa Mkula. Naogopa, sikatai.

Lakini mbovu ndiyo nini? Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, nina kasoro tele, na Mama Kulwa bado hajanitoboa.