Ndagala za Mama Riziki

Alhamisi, usiku

Ile sahani ingali mezani. Sijaigusa.

Asubuhi jirani yangu Mama Riziki alianika ndagala zake, visamaki vya ziwani, mchangani, kisha akaenda sokoni. "Weye uko hapa, uniangalilie mvua," akaniambia. Nikamjibu, "Enda tu, miye niko."

Mvua ikaja kutoka upande wa Bujumbura, nyeupe juu ya ziwa, nzuri kweli. Nikatoa telefone, nikairekodi, nikaiweka kwenye status. Halafu nikaanua nguo zangu. Ndagala za mwenzangu nikazikumbuka mwisho, nusu zimekwisha kulowa.

Aliporudi nikamdanganya. "Mvua ilikuja mbio sana, mama. Nilikimbia lakini..." Akainama, akaanza kuzichagua.

Jioni akaniletea sahani ya zile zilizopona. "Asanti sana. Bila weye ningezikosa zote."

Sasa hivi nimeifungua tena ile video. Pale chini, pembeni, ndagala zinaonekana vizuri, matone yanazipiga, na sauti yangu inacheka. Mjinga gani mimi!

Nilitaka kuifuta. Lakini nimetazama kwanza majina ya walioiona, na jina lake limo. Aliiona mchana, akiwa bado sokoni.